Nilijua majina, sikujua saa

Katika mtihani wa baiolojia ya uzazi nilipata alama 91. Nilichora mfumo mzima, ovari, mirija, mji wa mimba, nikaandika kila jina mahali pake, hata yale ambayo mwalimu aliyataja mara moja akapita. Miezi mitano baadaye nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha nesi, mkoba mapajani, nikihesabu kwa vidole ni siku ngapi zimepita tangu Jumamosi.

Kondomu ilikuwa imepasuka. Hilo lenyewe si ajabu, hutokea. Ajabu ni yale niliyoyafanya baadaye. Jumapili nilifua nguo zote nilizonazo. Jumatatu nilihudhuria vipindi vyote, tena nikakaa mbele. Jumanne nikamweleza mwenzangu wa chumbani, ambaye anasoma sheria, akanishauri nioge maji ya moto na niruke kamba. Niliruka. Mimi, mwenye alama 91, niliruka kamba. Jumatano saa nane mchana ndipo nikabisha hodi.

Nesi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Hakuniuliza ilikuwa na nani wala nilikuwa nafikiria nini. Aliuliza, "Lini, mwanangu?" Nikamwambia Jumamosi usiku, kama saa tano. Akavaa miwani, akaandika pembeni mwa karatasi 24, 48, 72, akaongeza 15, akazungushia duara jibu: 87.

"Ungekuja jana," akasema, bila ukali.

Nimekuwa mwelimishaji rika kwa miaka mitatu sasa, na kila nikifikiria tunachokosa sisi wanafunzi wa chuo, narudi kwenye lile duara. Hatukosi majina. Muulize yeyote akutajie magonjwa ya zinaa, atakutajia mpaka uchoke. Muulize kipi kinatakiwa kufanyika ndani ya saa ngapi, anaanza kukuna kichwa. Na mambo ya mwili yana saa zake, hayasubiri aibu yako iishe.

Basi tuzihesabu saa hizo. Ukihofia kwamba umekutana na VVU, iwe kinga imepasuka au umelazimishwa, kuna dawa za PEP, za kuzuia virusi visikite mwilini. Lazima uzianze ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi inakusaidia. Unazimeza kwa siku 28, huachi katikati kwa sababu unajisikia vizuri. Baada ya saa 72 hupewi tena, si kwa roho mbaya, ni kwamba virusi kama viliingia vimeshapata makao. Mimi nilikuwa nimechelewa kwa saa 15.

Mimba ina hesabu yake. Kidonge cha dharura kinachojulikana zaidi, chenye levonorgestrel, kinafaa ndani ya saa hizohizo 72, na nguvu yake inapungua kadiri unavyochelewa. Kuna kingine, cha ulipristal, kinachofika saa 120. Na kuna kitanzi cha shaba, ambacho kikiwekwa kwenye mji wa mimba ndani ya siku tano ndicho kinachoshinda vyote, kisha kinaendelea kukulinda kwa miaka. Nesi alinieleza hayo kwa utaratibu, kitanzi chenyewe kikiwa kiganjani mwake, kidogo kuliko nilivyodhania. Nilikikataa. Nilikuwa nimesikia kwamba kinapanda mpaka moyoni. Nilijua vizuri kuwa hakuna njia kutoka mji wa mimba kwenda moyoni, nilishaichora ramani nzima kwenye mtihani, lakini hofu ya bwenini ilikuwa na sauti kubwa kuliko mchoro wangu. Hedhi ilichelewa siku tisa. Ilipokuja nililia chooni kama mtu aliyefiwa.

Nikirudi kwenye kidonge cha dharura: watu wanakiogopa kwa sababu zisizo zake. Hakitoi mimba. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke, na kama yai limeshatoka hakina msaada wa maana, ndiyo sababu ya haraka yote hii. Hakiharibu kizazi. Ila hakikulindi kwa tendo la kesho, na ukitapika ndani ya saa mbili tatu baada ya kukimeza, rudi ukaulize kama unahitaji kingine. Wapo wanaokigeuza kuwa njia ya kila wiki. Hakitawaua, lakini hedhi itavurugika na kinga yake ni ndogo kuliko ya vidonge vya kila siku, sindano au kijiti. Kama unakihitaji kila mwezi, unachohitaji hasa ni njia nyingine.

Halafu kuna hizi "siku salama." Hapa ndipo wasomi tunapoteleza, maana tunaamini programu ya simu kama tunavyoamini kikokotoo. Mbegu za kiume zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku tano. Yai linaishi kama siku moja tu. Maana yake tendo la Jumatatu linaweza kuleta mimba ya Ijumaa. Na yai kwa kawaida hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi ijayo, si siku 14 baada ya iliyopita. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu hedhi ijayo huijui mpaka ifike. Wiki za mitihani, kukesha, kuugua, vyote vinaweza kulisogeza yai, na simu yako haijui kwamba jana hukulala.

Kupima VVU nako kuna saa zake. Nimewaona wapenzi wanaotoka kupima wakiwa wameshikana mikono, majibu yamepigwa picha, na tukio lenyewe lilikuwa wiki iliyopita. Majibu yale yanaeleza mwili ulivyokuwa wiki kadhaa nyuma. Kipimo cha maabara kinachotafuta virusi pamoja na kingamwili kwa kawaida huona maambukizi kati ya siku 18 na 45. Vile vya haraka vya kutoboa kidole, na vya kujipima mwenyewe, vinaweza kuhitaji hadi siku 90. Kwa hiyo pima mapema ujue hali yako ya mwanzo, kisha rudia siku zikitimia. Mimi nilirudi baada ya wiki sita, nikarudi tena baada ya miezi mitatu. Miezi ile ilikuwa mirefu, na hakuna somo nililofaulu vizuri muhula ule. (Na iwapo ningekutwa na VVU, leo ningekuwa nameza dawa na kuishi. Mtu anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hili nalo ukiliuliza bwenini watakubishia.)

Kaka mmoja kwenye kikundi chetu alipata kidonda kimoja sehemu za siri, hakiumi, hakiwashi. Akanunua vidonge vya rangi mbili kwa ushauri wa rafiki, akameza siku mbili. Kidonda kikapona, akatusimulia kwa fahari. Kaswende hufanya hivyohivyo hata usipomeza chochote: kidonda hutoweka chenyewe ndani ya wiki tatu hadi sita, ugonjwa unabaki ndani ukiendelea na safari. Tulimsindikiza kupima, akachomwa sindano za penisilini huku anatutukana. Klamidia ni kimya zaidi. Wanawake wengi walio nayo hawana dalili hata moja, na ikiachwa inaweza kupanda kwenye mirija na kuiziba. Dawa yake ni rahisi, kwa kawaida doksisaiklini siku saba, ila mtibiwe wote wawili, na msikutane mpaka wiki ipite. Ukitibiwa peke yako utarudishiwa ugonjwa wako Ijumaa ileile.

Sasa kondomu, maana najua mtasema hiyo tunaijua. Kwenye mafunzo huwa naomba mtu mmoja anayejiamini aje mbele na mfano wa mbao. Mara ya mwisho alikuja kijana wa mwaka wa tatu, mcheshi, akapigiwa makofi. Akaitoa kondomu kwenye pochi yake mwenyewe, ambako kwa maelezo yake ilikaa tangu muhula uliopita, imekunjika na kupata joto la mwili kila siku. Hakutazama tarehe. Akaichana kwa meno. Akaiweka kinyume, akagundua haishuki, akaigeuza na kuendelea na ileile. Hakubana ncha kutoa hewa. Kisha akapaka mafuta ya kujipaka mwilini, eti iteleze, na mafuta ya aina hiyo hudhoofisha mpira. Makosa sita ndani ya dakika moja, na ukumbi mzima ulikuwa unacheka kwa sababu ulijitambua. Kilainisho kiwe cha maji au silikoni. Kondomu ikae droo au mfuko usio na joto. Na usivae mbili, haziongezi kitu.

Kuhusu ridhaa sitaandika mengi, ila hili: mazungumzo yafanyike mkiwa na nguo. Sentensi ya kondomu ukiisubiri dakika ya mwisho utaimeza. Mimi siku hizi husema mapema, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeuliza ratiba: "Bila kinga mimi sifanyi, na nataka tupime." Anayekasirika kwa hilo ameniokolea muda.

Wazee huwa wanatuuliza kama kuzungumza haya hakuwachochei vijana. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 ulipitia tafiti za nchi nyingi na kukuta kwamba elimu hii haiharakishi vijana kuanza ngono, na mara nyingine huwachelewesha. Huwa nawajibu hivyo kwa heshima, naendelea na kazi.

Kazi yenyewe ni pamoja na kisanduku cha maswali, kile cha kutumbukiza karatasi bila jina. Tulikuwa tunakifungua kila Ijumaa, tunajibu kwenye mkutano. Ijumaa moja nilikunjua karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko mdogo wa penseli: "Imetokea jana saa nne usiku. Niende wapi?" Juu yake, kwenye kona, aliyeandika alikuwa ameweka siku: Jumatatu.

Jana yake ilikuwa Jumapili. Nilihesabu mara mbili, nikatumaini kwamba aliuliza na kwingine. Tangu wiki ile kisanduku kinafunguliwa kila jioni, na kwenye kifuniko tumebandika saa za kazi za nesi, njia ya kufika kwake kwa mlango wa nyuma usiopita mapokezi, na kwa wino mwekundu: 72, usisubiri jibu letu.