Shangazi, shemeji anatuuzia Noah ya D4, fundi anasema tukimbie

*Shangazi shikamoo. Mi nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mimi na mume wangu tumejichanga tumefikisha milioni 9, na 6 kati ya hizo ni za dagaa zangu. Kaka yake mume wangu yuko Tabora, anatuuzia Noah yake ya 2003 kwa hiyohiyo 9. Fundi wa hapa Mwanga kusikia tu ni injini ya D4 akasema mama kimbia. Nikamwambia shemeji basi tulete fundi aikague, akanuna, akasema kumbe hamniamini, na mume wangu ashampa neno. Silali. Nifanyeje? Mama Dagaa.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na kilichonishtua sio D4, ni pale shemeji aliponuna. Hapo ntafika, ila tumalize kwanza ya injini maana naona mnatishana tu bila kuelezana.

Hiyo Noah haina namna ya kukosa D4. Noah na Voxy za umbo lile, za 2001 mpaka 2007, zimefungwa injini ya 1AZ-FSE ya cc 1998, ndo hiyo D4, fungua boneti usome kwenye kile kibati utaikuta imeandikwa. Fundi wako amezoea Noah old model yenye injini ya 3S, ile inavumilia na inatengenezeka hata chini ya mwembe. D4 yenyewe inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa sana, ina pampu yake ya presha juu ya injini, na ile pampu pamoja na nozeli zake uchafu haziutaki kabisa, sasa mtu anatoka Uvinza anaishiwa mafuta njiani ananunua petroli ya kwenye chupa ya maji, haijui imekaa wapi wala imechanganywa na nini, kesho gari inamisi anasema hizi gari mbovu. Halafu petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hazioshwi, masizi yanajazana pale mpaka sailensa, yaani mwendo wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda na kushuka yenyewe. Hayo yanasafishwa na anayejua kazi, sio mwisho wa gari.

Mimi ninachokiogopa zaidi kwenye hizi injini ni maji. Bloku yake ni ya aluminiamu, na bolti za silinda hedi zinakula meno, hasa zile za nyuma kabisa ambako ukiinama huoni kitu. Maji yanavuja kidogokidogo, mwenye gari anaongezea kila asubuhi anaona kawaida, mpaka siku inachemsha porini. Ikifika hapo kubadili gasketi peke yake ni kutupa hela, lazima hedi ishuke, bloku itobolewe iwekewe meno mapya ya chuma. Muulize shemeji taratibu tu, gari inakunywa maji? Halafu muulize na mtu anayeiendesha.

Mimi na marehemu mume wangu tuliwahi kununua gari kwa rafiki yake wa karibu mno, hata kukagua tuliona aibu. Kila tulipoenda kuiangalia tuliikuta inaunguruma, anasema nilikuwa natoka nayo sasa hivi. Asubuhi ya kwanza nyumbani kwetu nikaiwasha mwenyewe ikiwa ya baridi, ukatoka moshi wa bluu mpaka kuku wakakimbia uani. Hela haikurudi na urafiki wao ukaishia hapohapo, mume wangu aliumia miaka. Ndo maana nakwambia hivi kwa uchungu.

Sasa fanyeni hivi. Mfike Tabora jioni, mlale hapohapo kwa shemeji, mumwombe kwa upole asiiwashe. Saa kumi na mbili asubuhi nenda uweke kiganja kwenye boneti, iwe baridi kama sufuria ya jana. Fundi wenu awe ashafika, na asiwe yule anayemtengenezea shemeji siku zote, ulizia kwa madereva wa Noah stendi wanamwamini nani kwa D4. Kabla ya kuwasha afungue mfuniko wa rejeta na wa oili, oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa rudini kwenu. Iwashwe, isikilizwe kwenye sailensa, isitetemeke, apime na mashine hata kama taa ya injini haiwaki maana taa inaweza kuzimwa. Kisha muendeshe mpaka Urambo na kurudi, AC ikiwa imewashwa, mkirudi muiache inaunguruma muangalie mshale wa joto na chini kama kuna tone, iache ipoe kabisa ndo mcheki maji tena. Faini za trafiki ziangaliwe kwa namba ya gari, na kadi ibadilishwe jina TRA, udugu usiwazuie.

Na hata ikipita yote, milioni 9 usiitoe yote. Gari ya miaka ile lazima itakudai kitu ndani ya miezi ya mwanzo, baki na hata moja na nusu pembeni. Kama shemeji hashuki bei basi hamna hela ya kuinunua, mwambieni hivyohivyo, sio tusi.

Sasa huyo shemeji. Usiongee naye wewe tena, wewe ni mke wa mdogo wake na kila utakachosema kitasikika kama unamdharau. Kaa na mume wako, usimwambie kaka yako ananificha kitu, hujui hilo. Mwambie, hizi hela hata ziwa lilipofungwa uvuvi miezi 3 mwaka 2024 sikuzigusa, tulikula ugali na mchicha, naomba unisaidie zisipotee. Halafu yeye ndo ampigie kaka yake, amwambie kaka neno langu liko palepale, gari tunainunua ikishakaguliwa, na fundi tunamlipa sisi. Mtu asiye na la kuficha atanuna siku mbili halafu atasema njooni. Akikataa isikaguliwe ikiwa baridi hata baada ya kuombwa na mdogo wake kwa heshima, mwanangu usinunue, na hapo simama wewe kwa sauti yako, 6 ni zako.

Na usimwachie mume aende peke yake. Subirini mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hawaendi ziwani na mzigo hakuna, mpande treni wote wawili.