Kabla hujapanda wimbi, mtafute atakayekutoa majini

Kwa miaka tisa niliendesha chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kati ya Kibumba na Goma, mashariki mwa Kongo, nikishusha viazi, kabichi na magunia ya makala, na bahari sijawahi kuiona kwa macho yangu. Hata hivyo, vijana wanaokuja kuniuliza namna ya kuishi kwa kazi ya hatari mimi huwapa mfano wa watu wanaopanda mawimbi makubwa kwa ubao. Kazi yao nimeifuatilia kwa muda mrefu kwenye simu, na mtu aliyezoea mteremko huielewa haraka: nao wanashuka mlima, isipokuwa mlima wao unatembea, kisha unawaangukia.

Vijana huona sekunde chache za video wakadhani kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Garrett McNamara, mkazi wa Hawaii, aliandikiwa mwaliko wa kwenda Nazaré, mji wa wavuvi nchini Ureno, mwaka 2005. Alifika huko mwaka 2010, na wimbi la mita 23.77 lililompa rekodi ya dunia alilipanda Novemba 2011. Muda wote wa katikati ulikuwa wa kuisoma bahari, kwa kuwa mbele ya mji huo kuna korongo la chini ya maji ambalo kina chake hufikia takribani kilomita 5. Wimbi linalopita juu ya korongo halizuiwi na sakafu ya bahari, kwa hiyo hubaki na kasi yake, ilhali lile la pembeni hupunguza mwendo, na yanapokutana karibu na ufuko huinuana. Wimbi alilolipanda Mjerumani Sebastian Steudtner mahali hapohapo tarehe 29 Oktoba 2020 lilipimwa mita 26.21.

Mimi nilianza bila kusoma chochote na bila mtu nyuma yangu. Breki ya chukudu ni kipande cha tairi kinachokaa juu ya gurudumu la nyuma, nawe unakikandamiza kwa mguu mpaka unasikia harufu ya mpira unaoungua. Asubuhi moja nikiwa nimebeba viazi, kipande changu, ambacho nilijua tangu wiki iliyotangulia kwamba kimekuwa chembamba kama kandambili kuukuu, kilikatika katikati ya mteremko. Niligonga ukingo wa mawe ya volkano, chukudu ikanilalia pajani pamoja na mzigo wake, na nikabaki hapo hadi wanawake waliokuwa wakienda shambani waliponiinua. Viazi sikuviona tena.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kijana yeyote huwa ni nani atakuwa nyuma yake. Tarehe 23 Desemba 1994 Mark Foo, mpanda mawimbi hodari, alianguka huko Mavericks, California, katika wimbi ambalo kwa kipimo chake halikuwa la kutisha sana. Watu walikuwapo, wapiga picha walikuwapo, lakini hakuna aliyetambua kwamba hajaibuka, na mwili wake ulipatikana zaidi ya saa moja baadaye. Linganisha na Maya Gabeira wa Brazili. Tarehe 28 Oktoba 2013 alianguka Nazaré, akavunjika mfupa karibu na kifundo cha mguu, akapoteza fahamu majini. Mwenzake Carlos Burle, aliyekuwa amemvuta kwa pikipiki ya majini hadi kwenye wimbi, alimfuata ndani ya povu, akamfikisha ufukweni, na hapo akakandamizwa kifua hadi akapumua. Baada ya hapo Laird Hamilton, mkongwe wa kazi hiyo, alisema hadharani kwamba mwanamke huyo hakuwa na ujuzi wa kuwa mahali pale. Kwa maoni yangu maneno hayo yalikuwa makali kupita kiasi, lakini Gabeira aliyajibu kwa vitendo. Alifanyiwa upasuaji wa mgongo zaidi ya mara moja, akajifunza upya, na alirudi Nazaré kupanda wimbi la mita 20.72 Januari 2018, kisha la mita 22.4 Februari 2020, ambalo ni rekodi ya wanawake.

Jambo la pili ni kufanya mazoezi ya kuanguka, si ya kupanda tu. Watu hawa hubeba jiwe zito na kukimbia nalo chini ya maji ili mwili uzoee kukosa hewa bila kutapatapa, na mwenzao huwa juu akiwaangalia. (Tafadhali, asiende mtu kujaribu hilo peke yake katika Ziwa Kivu, aliyezimia majini hawezi kuita.) Shane Dorian alipobanwa chini ya mawimbi mawili mfululizo huko Mavericks mwaka 2010 na kunusurika, hakuishia kumshukuru Mungu, bali alisaidia kubuni fulana inayojaa gesi mtu anapovuta kamba.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Msimu wa Nazaré ni takribani kuanzia Oktoba hadi Machi, siku kubwa ni chache, na wanaolipwa vizuri na wafadhili ni wachache zaidi, kwa hiyo wengi wana kazi nyingine. Nasi tuwe na shamba au duka la kando.

Mwezi uliopita alikuja kijana mwenye chukudu mpya ya mkaratusi, akitaka nimwonyeshe pa kuinama kwenye kona. Nilimuuliza nani anamfuata akishuka, akanyamaza. Nilimwambia arudi na mtu huyo. Jumamosi alirudi na binamu yake, tukaipindua chukudu chini ya mwembe, na kwa saa nzima hatukugusa kitu kingine zaidi ya kile kipande cha tairi.