Kiingereza cha shule kitatosha Uingereza? Jibu langu kwa wadogo zangu

Wadogo zangu, swali lenu nimelipata. Mmemaliza uuguzi, mnajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS, mnataka kuja kufanya kazi Uingereza kama mimi huku Sheffield, na mnauliza kama Kiingereza cha shule kitawatosha. Niseme ukweli: cha kusomea na kuandikia mnacho. Kinachotusumbua wengi ni maongezi, na ndani ya maongezi ni vile vineno vidogo vya mimi, wewe na yeye.

Chukueni "he" na "she". Tofauti yake tunaijua tangu shule ya msingi. Lakini Kiswahili kimetuzoesha kusema "amekula, amekataa dawa" bila kujali ni bibi au babu, na mtu akichoka mwisho wa zamu ulimi unarudi nyumbani. Sasa fikirieni mnakabidhiana zamu kwenye nyumba ya wazee. Chumba kimoja yupo bibi, cha jirani yupo babu, wote wana kisukari. Ukisema "he" amekula na "she" bado, kumbe ni kinyume, anayepokea zamu anaweza kumchoma insulini mtu ambaye hajatia kitu tumboni. Ndiyo maana kila mgeni anayeanza kazi namsisitizia: kwenye ripoti taja jina. Kila sentensi, jina. Hakuna atakayekucheka.

Jina linasaidia kwa njia nyingine pia. Wazee wa Kiingereza hawapendi kuitwa "she" wakiwa wamekaa hapo hapo wanasikia. Wana msemo wao wa zamani: "She ni nani, mama yake paka?" Kwetu kusema "yeye ameshaoga" mbele ya mama mtu mzima si neno. Huku, tuseme anaitwa Margaret, unamwambia mwenzako "Margaret ameshaoga", na bora zaidi umgeukie Margaret mwenyewe aseme.

Halafu heshima. Hapa mtaumia mwanzoni, najua mlivyolelewa. Bibi wa miaka 90 unamwita kwa jina lake la kwanza, shikamoo hakuna, na "you" unayomwambia ni ile ile ya mtoto. Si dharau. Mzee akiingia anaulizwa anapenda aitweje, inaandikwa kwenye faili lake, na wengi huchagua jina la kwanza. Zamani walikuwa na "thou" ya mtu wa karibu au wa chini, na "you" ya mkubwa. Mwaka 1603 mwendesha mashtaka Edward Coke alimwita mshtakiwa Walter Raleigh "thou" mahakamani kusudi amdhalilishe. Baadaye "you" ikawafunika wote. Heshima sasa mtaikuta kwenye "please", kwenye sauti, na kwenye kubisha hodi kabla hujaingia chumbani kwa mgonjwa. Ila hapa Sheffield baadhi ya wazee bado wanasema "thee" na "tha", ndiyo ile "thou" ya zamani. Mzee akikusemesha hivyo ujue amekuzoea, lakini wewe usimrudishie. Baki na "you".

Kuna hili linalonifurahisha hadi leo. Tulifundishwa kwamba "us" ni watu wengi. Huku mtu mmoja anakwambia "give us a cuppa", na anachotaka ni kikombe kimoja cha chai, chake. Akimtaja binti yake anasema "our" fulani, sawa na sisi tunavyosema "mama yetu" na "kwetu" hata kama unaongea peke yako. Vitabuni ni "my" tupu. Nilipoanza kuzisikia hizo "our" za watu wa Yorkshire, eneo letu hili la Sheffield, upweke ulipungua kweli.

Kazini mtakuta pia mtu ambaye ni mmoja lakini anataka aitwe "they", si "he" wala "she". Mwiteni hivyo.

Kuhusu mtihani: sehemu ya kuzungumza ni dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini tu, kwa hiyo msikariri insha. Jirekodini kwenye simu mkisimulia siku nzima ya shangazi na mume wake, nani alikwenda sokoni, nani alimkasirikia nani, nani alinyamaza. Sikilizeni tena, muone "he" imegeuka "she" wapi. Mkiweza kusimulia ugomvi wao mwanzo mpaka mwisho bila kuwachanganya, nitumieni hiyo sauti niisikilize kabla hamjalipa ada. Ada yenyewe ni kubwa, na sitaki mlipe mara mbili.