Pedi za breki za nyuma zinakwisha kabla ya za mbele, kwanini?

SUALI: Assalaam aleikum fundi. Miye dereva wa wageni huku Wete, Pemba, natumia Prado ya 2004. Ruti yangu kubwa ni Chake mpaka Konde, afu napita msitu wa Ngezi nateremka Vumawimbi, kule mchanga mtupu na mara nyengine nakanyaga maji ya bahari. Mwaka huu nshatia pedi za nyuma mara mbili, hizi za sasa hata miezi minne hazijafika na upande wa kulia zishaanza kulia chuma kwa chuma, za mbele bado nene vilevile. Nikisimama ringi ya kulia inatoa moto na harufu ya kuungua. Fundi wangu anasema pedi feki, ninunue za bei kubwa. Nimsikilize?

JAWABU: Waaleikum salaam dereva. Pedi feki zipo, tena tele, lakini pedi feki ingekwisha kulia na kushoto sawasawa, haina sababu ya kuchagua upande. Na gari ukifunga breki uzito unakimbilia mbele, kwahiyo kazi kubwa inafanywa na breki za mbele na kwa kawaida ndo zinazotangulia kwisha. Nyuma ikitangulia, tena upande mmoja, tena na moto juu yake, ujue kuna kitu kinabana na hakiachii hata ukitoa mguu.

Sasa miye ntakuuliza, zile pedi za mwanzo zilizotoka ziko wapi? Najua umezitupa, watu wote wanazitupa, na zile ndo zingekwambia kila kitu! Hizi za sasa zikitoka ziweke mkononi uziangalie. Ya ndani (upande wa pistoni) ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, basi pini za kalipa (kile chuma kinachozibana pedi kwenye disk) zimeganda ama pistoni hairudi. Zikiwa zimekwisha zote mbili sawa lakini upande wa kulia tu, nitashuku pistoni au mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa. Kulia na kushoto zote zimekwisha sawa, hapo ni hadithi nyengine, ntakuja.

Kwa gari inayoshinda Vumawimbi miye pesa yangu naiweka kwenye pini. Kalipa inatakiwa iteleze juu ya zile pini mbili, sasa kile kimpira chake kikichanika maji ya chumvi na mchanga vinaingia, kutu inashika, kalipa inakaa palepale pedi inasugua disk kutwa. Fundi wengi wanabadilisha pedi bila ya kuzichomoa pini kabisa, wanasukuma pistoni wanafunga wanakwambia tayari, ndo mana unarudi kila baada ya miezi mitatu. Zichomoe, zisafishe kwa brashi ya waya, zikiwa na mashimo ya kutu nunua nyengine na vimpira vyake, afu tia grisi maalum ya breki. Sio ile ya beringi jamani, ile inavimbisha mpira na unarudi palepale.

Pini zikiwa nzima, fanya hivi. Weka jiwe tairi za mbele, inua nyuma yote, tia stendi, gia nyutro, hendibreki chini. Mwambie mtu akanyage breki aachie, wewe zungusha tairi kwa mkono. Ikiwa nzito, fungua kidogo ile nati ya kutolea hewa hapo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na tairi ikawa nyepesi, mgandamizo umenasa juu, mara nyingi mpira wa breki umevimba ndani, kwa nje unauona mzima kabisa. Tairi ikibaki nzito basi ni kalipa yenyewe au hendibreki. Lakini Prado hii hendibreki yake ina shuu zake peke yake ndani ya kidramu katikati ya disk, ikibana utapata moto na harufu ileile lakini hailiwi pedi, inaliwa shuu.

Na kama zinakwisha pande zote mbili sawa, angalia kama kuna taa ya VSC kwenye dashibodi, ule mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuteleza. Gari yenye mfumo huo tairi ikizunguka bure mchangani kompyuta inaifunga breki yenyewe, wewe huna habari, unakanyaga mafuta tu. Punguza upepo wa tairi na ufunge difu ya kati (ile inayogawa nguvu baina ya tairi za mbele na za nyuma) kabla hujaingia mchangani, sio ushanasa. Na ukitoka ufukweni mwaga maji baridi ya kisima kwenye tairi zote, ila subiri disk zipoe kwanza.

Pedi ya bei kubwa nunua ukipenda, lakini baada ya hayo.

SUALI: Mimi niko Mwera, Unguja, nina Hilux ya zamani nabebea mchanga na matofali. Shuu za nyuma zinakwisha haraka na nikiwa mtupu kwenye mvua nyuma inateleza nikifunga breki.

JAWABU: Springi zako zimelala. Chini kuna valvu yenye mkono umeshikana na ekseli, body ikishuka inadhani una mzigo saa zote inapeleka breki nyingi nyuma. Inua springi, halafu hiyo valvu irekebishwe upya, na fundi akitaka kuifunga na waya muondoe hapo.