Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa paka: kama huna cheti, paka wako hajachanjwa

Mkuu mleta mada, ghairi hiyo sindano ya Jumamosi.

Nimesoma maelezo yako: paka wa miezi mitatu, hatoki nje, rafiki yako mfugaji amebakiwa na kichupa cha chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye friji lake, atapita kumchoma nyumbani kwako ili usihangaike na foleni ya kliniki. Ukauliza kama kuna ubaya. Ubaya upo, tena mkubwa, na hao waliotangulia kukujibu kwamba "dawa ni ile ile" wamenitonesha kidonda. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikayaamini, na nikampoteza paka.

Shika hili kwanza: kama huna cheti chenye jina la chanjo, namba ya bechi (fungu ambalo kichupa kilitengenezwa nalo kiwandani), tarehe na saini ya daktari wa mifugo, paka wako hajachanjwa. Hata kama sindano umeiona kwa macho yako ikiingia. Hata kama aliyechoma ana mkono mwepesi kuliko daktari.

Paka wangu aliitwa Chausiku, jike mweusi tii, ncha ya mkia imepinda tangu azaliwe. Jirani yetu wa wakati ule alikuwa na paka wengi kuliko viti, na kila mtu akimwita daktari kwa heshima tu. Alikuja na bomba la sindano mfukoni na kichupa mkononi, lebo imelowa na kuchubuka upande mmoja, maana kilikuwa kinakaa mlangoni mwa friji. Akamkamata Chausiku ukosi, akachoma katikati ya mabega, kichupa akakitupa kwenye ndoo ya taka. Nikamuomba karatasi. Akacheka: "Paka ataenda kumwonyesha nani karatasi?" Nasi tukacheka naye.

Kumbe wa kumwonyesha yupo.

Jioni moja mbwa asiyejulikana mwenyewe aliingia uani akipepesuka, mate yananing'inia, anang'ata hata ndoo. Chausiku, ambaye naye "hatoki nje", alikuwa amechomoka mlango ulipofunguliwa kutoa taka. Mbwa akamdaka mguu wa nyuma kabla hajafika ukutani. Baadaye yule mbwa aliuawa, ubongo wake ukapelekwa maabara, majibu yakarudi: kichaa cha mbwa.

Ofisa wa afya ya mifugo alipokuja, swali lake la kwanza lilikuwa: cheti kiko wapi? Nikasema amechanjwa. Akarudia, kwa upole kabisa: cheti kiko wapi? Nikampigia jirani. "Waambie nilimchanja mimi." Kwa chanjo gani? "Ile ya kichaa." Ya kampuni gani, bechi gani, ya mwaka mmoja au mitatu? Kimya. Halafu akasema jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka napandwa na hasira: "Lakini nilikuwa na vichupa vya aina mbili, labda ule ulikuwa wa mafua ya paka." Labda! Mtu aliyekuja kwangu amejaa uhakika, akanicheka kwa kuomba karatasi, siku ya shida anasema labda. Wakuu, chanjo ya mafua ya paka ni kitu kingine kabisa. Kichaa cha mbwa hakiijui.

Sasa mwone tofauti ambayo ile karatasi ingeleta. Miongozo ya kichaa cha mbwa haifanani kila nchi, lakini chukua ule wa Marekani wa 2016 ambao madaktari wengi wanaufahamu. Paka ambaye chanjo yake haijapitwa na muda na ana kumbukumbu, akiumwa na mnyama mwenye kichaa, anachomwa dozi ya nyongeza papo hapo, kisha anakaa nyumbani chini ya uangalizi siku 45. Paka ambaye hajawahi kuchanjwa anauawa bila kucheleweshwa, au anafungiwa karantini kali miezi 4, hagusani na mtu wala mnyama. Hata aliyepitwa na tarehe ya nyongeza ana nafuu, ilimradi mwenye paka ana ushahidi kwamba aliwahi kuchanjwa. Asiye na ushahidi wowote huanza kwa kuhesabiwa kama hajachanjwa.

Sisi tulielezwa mambo mawili hayo hayo: auawe au atengwe. Kutengwa maana yake ni kizimba ndani ya chumba, mlango wa kwanza unafungwa ndipo wa pili ufunguliwe, chakula kinasukumwa bila mkono kuingia. Nyumba yetu ilikuwa na watoto wadogo na haikuwa na chumba cha aina hiyo. Sehemu ya kutengea haikupatikana. Chausiku alipelekwa kuuawa akiwa hana dalili hata moja, kidonda kimeanza kukauka, asubuhi alikuwa amekula akamaliza. Na mimi niliyemsafisha mguu kwa mikono mitupu yenye michubuko nikaanzishiwa sindano zangu za binadamu.

Kuna aliyeandika hapo juu, "si angepimwa damu tu waone kama ana virusi?" Ndugu yangu, kipimo hicho hakipo. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakizunguki kwenye damu kikakutwa na sindano. Kinaingia kwenye jeraha, kinatambaa ndani ya neva taratibu mpaka kwenye ubongo, kutoka huko ndipo kinashuka kwenye tezi za mate. Safari hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi, na muda wote huo mnyama anaonekana mzima. Uthibitisho wa uhakika unatoka kwenye ubongo, yaani mnyama akishakufa. Kipimo cha damu cha kingamwili kipo, lakini kinaonyesha mwili uliitikia chanjo kiasi gani, na mwongozo niliotaja haukipokei badala ya chanjo yenyewe. Dalili zikishaanza hakuna dawa, kwa paka wala kwa mtu. Ndiyo maana karatasi ina uzito huo: hakuna njia nyingine ya haraka ya kumtetea mnyama aliye hai.

Narudi kwenye hicho kichupa cha rafiki yako, maana hapo ndipo watu wanapojidanganya. Chanjo hii inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu kiwandani mpaka inapochomwa. Ikiganda imeharibika, ikipata joto inaweza kuharibika, na kwa macho hutaona tofauti. Maji yatakuwa yale yale. Mlango wa friji la nyumbani unafunguliwa siku nzima, umeme unakatika, unarudi, nani anaandika? Umuulize rafiki yako kilisafirije mpaka kwake. Kama kilikaa mfukoni saa mbili, usishangae ukiwa unachoma maji. Kwenye mwongozo ule ule wa Marekani imeandikwa kwamba chanjo hii ichomwe na daktari wa mifugo mwenye leseni, au mtu aliye chini ya usimamizi wake wa moja kwa moja, na sababu mojawapo ni kwamba lazima awepo mtu wa kusimama na kusema: huyu mnyama, siku hii, kwa bechi hii, nilimchanja mimi. Rafiki yako atasaini? Mpe kalamu uone.

Na anayetaka kuja hapa kuniuliza daktari wa mifugo kanilipa shilingi ngapi, aje tu. Mimi ndiye ninayemlipa yeye kila mwaka, na ninalipa nikiwa nimekenua meno yote.

Umri wa paka wako uko sawa. Dozi ya kwanza huanzia wiki 12, kwa sababu kabla ya hapo kinga aliyopewa na mama yake inaweza kuizima chanjo. Hakikisha tu hiyo "miezi mitatu" si ya kukisia. Akishachomwa, usianze kujisifu siku hiyo hiyo: anahesabiwa kuwa na kinga siku 28 baada ya dozi ya kwanza. Kisha ile ya pili baada ya mwaka 1, hata kama kichupa kimeandikwa cha miaka 3. Hiyo ndiyo wengi wanaikosa, wanasoma "miaka 3" wanalala. Baada ya hiyo ya mwaka wa kwanza ndipo unafuata lebo, kila mwaka au kila miaka 3, na sheria ya mahali ulipo ikitaka mara nyingi zaidi, unafuata sheria.

Suala la "hatoki nje" sitalipa muda mrefu. Chausiku naye hakuwa anatoka. Popo anaingia dirishani, mlango unasahaulika, paka anakimbizwa na fataki anatokomea usiku kucha. Nchini Marekani, ambako mbwa wengi wamechanjwa, paka ndio wanaoongoza kati ya wanyama wa kufugwa kwa kukutwa na kichaa cha mbwa, na miaka mingi wanaripotiwa zaidi ya mia mbili kwa mwaka. Jina la ugonjwa lisikudanganye ukadhani ni wa mbwa peke yao. Kila mnyama anyonyeshaye anaupata.

Tena ni chanjo ya watu wa nyumbani pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na karibu asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Sehemu kubwa mno inatokana na kuumwa na mbwa, nakubali, lakini nani analala na mbwa kifuani? Paka ndiye anayelala na mtoto. Siku paka wako akimng'ata mgeni, kama ni mzima atawekwa chini ya uangalizi siku 10. Watakachouliza kwanza unakijua: cheti. Na yeyote akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, hapo hapo, kabla hata hamjatafuta usafiri wa hospitali. Mnaosema paka hana sumu, acheni kabisa.

Dada aliyeogopesha watu hapo juu kwamba chanjo inaleta saratani hakusema uongo, ila amelikuza mno. Upo uvimbe wa saratani unaoweza kuota mahali paka alipochomwa sindano, na ni adimu: makadirio mengi yako kwenye paka 1 kati ya 10,000 au pungufu ya hapo. Kwa sababu hiyo hiyo madaktari wengi wameacha kuchoma katikati ya mabega. Chanjo ya kichaa cha mbwa wanaichoma chini kwenye mguu wa nyuma, kwa kawaida wa kulia, ili uvimbe ukitokea mguu ukatwe paka apone. Jirani yangu alichoma mabegani, mahali ambapo hakuna cha kukata. Ukiona kinundu kimekaa zaidi ya miezi 3, au kimezidi sentimita 2, au kinaendelea kukua mwezi 1 baada ya sindano, mrudishe kwa daktari, na hapo pia utaulizwa alichomwa nini, lini na wapi. Mwingine anavimba uso, anatapika, anashindwa kupumua dakika chache baada ya sindano. Ni nadra, ila ikitokea sebuleni kwako, huyo rafiki ana dawa ya kumwamsha? Kusinzia na kukataa chakula siku moja au mbili ni kawaida, kusikutishe.

Aliyesema anatarajia kuhamia Ulaya na paka wake, naye asikie. Umoja wa Ulaya unataka chipu ya utambulisho, ile inayowekwa chini ya ngozi ya paka, iwe imeshawekwa ndipo chanjo ichomwe. Ukichanja leo ukaweka chipu kesho, ile chanjo haihesabiki, unaanza upya na kusubiri tena siku 21. Paka yule yule, dawa ile ile, mwili una kinga, lakini karatasi imepinduka na safari imekwama.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo hiyo, mkuu, mtie paka kwenye kikapu umpeleke kliniki. Mwombe daktari atoe kichupa kwenye friji mbele yako. Usitoke chumbani kabla hujasoma cheti mstari kwa mstari: jinsia na rangi ya paka, namba ya chipu kama anayo, jina la chanjo, bechi, tarehe ya kuchanjwa, tarehe ya kurudi, jina la daktari na namba ya leseni yake. Vichupa vingi vina kistika kinachobanduka. Kibandikwe kwenye kadi hapo hapo. Piga picha, jitumie kwenye barua pepe, tarehe ya mwaka ujao iweke kwenye simu ukiwa bado umekaa kwenye benchi.

Rafiki yako akinuna, mwambie paka wako ana mtu wa kumwonyesha karatasi. Halafu ulete mrejesho hapa, na picha ya cheti.