Mume wangu anamwambia gitaa, mimi haniambii

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mkenya, naishi Killeen, Texas, na mume wangu na watoto wetu wawili. Mume wangu alitumikia jeshi la Marekani huko Afghanistan. Tangu arudi hajasema yaliyomkuta. Akitoka kazini anajifungia gereji na gitaa mpaka usiku wa manane, anaimba wimbo mmoja usioisha. Nikiingia ananyamaza. Mama mkwe anasema nimwache, mwanamume halii. Nimechoka. Nilifiche hilo gitaa?" — Mama Wawili

Marahaba, mwanangu. Gitaa usiliguse.

Najua linakuchoma. Maneno unayoyangoja mezani yanaishia gereji. Lakini mtu anayehangaika na wimbo usioisha bado anatafuta namna ya kusema, na hilo linanipa moyo kuliko angekuwa kimya kabisa.

Yupo mtunzi na mwimbaji aitwaye Mary Gauthier, wa muziki wanaouita Americana, ule wenye country na folk ndani yake. Alizaliwa New Orleans mwaka 1962, mama yake akamwacha kwenye kituo cha yatima. Alipata wazazi wa kumlea, ila akiwa na miaka 15 aliiba gari lao akatoroka, na siku ya kutimiza miaka 18 ilimkuta mahabusu. Mwaka 1990, usiku wa kufungua mgahawa wake Boston, alikamatwa akiendesha gari amelewa. Ndipo akaacha pombe. Wimbo wake wa kwanza aliutunga baadaye, akiwa na miaka 35 hivi. Uangalie sana mpangilio huo: aliacha pombe kwanza, nyimbo zikafuata.

Baadaye alimtafuta mama aliyemzaa, akampata, akampigia simu. Mama alikataa kuonana naye. Simu hiyo aliifanya wimbo kwenye albamu yake ya 2010, The Foundling. Wimbo haukumrudisha mama. Ila uchungu uliokuwa umemkaa moyoni ukapata pa kutokea, watu wengine wakausikia, wakajua wanachokipitia kina jina.

Kisha akaanza kukaa na askari waliotoka vitani, kupitia shirika la SongwritingWith:Soldiers, lililoanzishwa na mwanamuziki Darden Smith wa Austin, si mbali na kwenu. Askari anasimulia, mtunzi anasikiliza, na maneno yaleyale ya askari yanatiwa sauti. Albamu ya Rifles & Rosary Beads ya mwaka 2018 ilitungwa hivyo, ikateuliwa kuwania tuzo ya muziki ya Grammy. Humo kuna wimbo, The War After the War, uliotungwa pamoja na wake za askari. Wake, mwanangu! Waliketi wakasema vita inavyoingia nyumbani na kulala kitandani mwao. Usikilize peke yako kwanza, watoto wakiwa shule. Kama utalia, lia.

Maana barua yako yote inamhusu yeye. Wewe unalala saa ngapi? Nani anakusikiliza? Tafuta Vet Center ya eneo lenu: wanatoa ushauri nasaha bila malipo kwa waliopigana vitani na kwa familia zao. Nenda hata kama yeye hataki. Mama mkwe mwitikie kwa adabu, ila hilo la mwanamume halii usilibebe.

Kwa mumeo, bisha hodi kabla ya kuingia gereji. Mwambie umeupenda ule ubeti, na hutamuuliza unahusu nini. Akikuimbia, sikiliza mpaka mwisho, usimhoji. Akinyamaza, mwachie chai urudi ndani. Kesho bisha tena.

Lakini chunguza anakunywa nini humo ndani, na kama kuna bunduki nyumbani, iko wapi na ufunguo anao nani. Akianza kusema amechoka kuishi, au kugawa vitu vyake, usingoje wimbo uishe. Piga 988, kisha bonyeza 1. Ni laini ya waliotumikia jeshi, inapokelewa saa 24, na mke naye anaruhusiwa kupiga.