Wasomaji Wauliza: Natron na Ol Doinyo Lengai

SWALI: Tuko vijana wanne wa Sakina, tuna Land Cruiser ya kuazima na siku tatu za mapumziko mwezi Agosti. Tunataka kupanda Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano ulio karibu na Ziwa Natron. Tumeambiwa watu hupanda usiku. Kwa nini tusisubiri kupambazuke? — Msomaji, Arusha

JIBU: Kwa sababu ya jua. Lengai haina mti wa kivuli wala tone la maji, na kufikia saa nne asubuhi majivu yake yanakuchoma kutoka chini huku jua likikuchoma kutoka juu. Anzeni kupanda kati ya saa tano na saa sita usiku. Kupanda huchukua muda wa saa tano hadi sita, hivyo mtafika ukingoni mwa kreta alfajiri, na saa moja muwe mmeanza kushuka.

Kushuka ndiko kunakovunja watu. Mteremko ni mkali mno, majivu yanateleza na vidole vinagonga mbele ya kiatu, kwa hiyo kateni kucha siku mbili kabla. Kila mmoja abebe lita nne za maji na aibakize moja ya kushukia. Vaeni glovu, maana karibu na kilele mtatambaa kwa mikono, na kofia ngumu: aliye juu huangusha mawe. Msipande mmoja chini ya mwenzake. Koti zito pia, upepo wa alfajiri ni baridi kweli.

Kiongozi wa Engare Sero, kijiji kilicho karibu na mlima, ni lazima. Akisema mwishie ukingoni, mwishie hapo. Lava ya Lengai haifanani na nyingine: ni nyeusi, nyepesi kama oili chafu, na joto lake ni karibu nusu ya lava ya kawaida, hivyo mchana haing'ai na mtu huidhani tope. Bado ina zaidi ya nyuzi 500. Mwaka 2007 mlima ulilipuka na kutapika majivu, kwa hiyo kiongozi akiwageuza njiani, geukeni.

Siku zenu zinatosha mkifika siku ya kwanza mapema alasiri, mkalala, mkapanda usiku huohuo. Siku ya pili ni ya kulala tu. Msithubutu kushuka mlimani na kuendesha gari kurudi Arusha siku hiyohiyo.

SWALI: Nina miaka 63 na magoti hayaniruhusu kupanda. Nikiwafuata wanangu, nitaona nini huko chini? — Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Shikamoo mama. Utaona mengi, pengine kuliko wao. Ziwa Natron ndiko heroe wadogo, wale flamingo wa waridi, wanakozaliana mara kwa mara kuliko kwingine kokote Afrika Mashariki. Viota hujengwa mbali katikati ya magadi, ambako fisi hafiki, lakini wanaokula huonekana kutoka ufukweni. Nenda kunapopambazuka. Baada ya saa tatu mvuke wa joto unacheza juu ya ziwa na ndege wote wanakuwa ukungu. Wanao wasiingize gari kwenye ule weupe: juu ni gamba kavu, chini ni tope. Liachwe kwenye nyasi, mtembee. Maji yakikurukia machoni au kwenye kidonda yatawasha vibaya, basi kuwe na chupa ya maji safi ya kunawia.

Kuna pia nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, zilizogandia kwenye majivu ya volkano. Njiani kutoka Engaruka tazama vizuri pundamilia, twiga, mbuni, na ukibahatika choroa, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu.

SWALI: Mafuta tujaze wapi? — Msomaji, Arusha

JIBU: Mto wa Mbu, jaza tangi. Kwenda Engare Sero na kurudi ni takriban kilomita 240, na kwenye vumbi zito hesabu lita moja kwa kilomita tano, kisha ongeza ya mizunguko ya ziwani. Beba tairi mbili za akiba. Mawe ya volkano hupasua ubavu wa tairi, na ubavu hauzibiki. Korongo likishuka na maji, subiri yapungue, hata kama kwenu hakuna wingu. Mvua imenyesha milimani.